Mbwa Hajui Kumwita Jirani Mpaka Afundishwe

Mbwa ambaye hajafundishwa, bwana wake akianguka, haendi kuita watu. Naanza na neno hili gumu kwa sababu wapo wazee wengi wanaoishi peke yao na mbwa, na watoto wao mjini wanalala usingizi wakijipa moyo kwamba mbwa wao Simba yupo, kukitokea jambo atawaambia watu. Simba yupo kweli. Atakaa pale mzee alipoanguka, atamlamba uso, atalia, pengine atabweka mpaka sauti imkauke. Lakini kutoka pale, kukatiza migombani, kufika kwa jirani na kumfanya jirani aelewe kwamba kuna mtu ameumia, hilo ni somo, na mbwa hulipata kwa kufundishwa tu.

Babu yangu aliteleza kwenye mfereji wa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba, kule Old Moshi, wakati wa masika, akavunjika nyonga. Mbwa wake alikuwa naye. Nyumba ya jirani ilikuwa karibu kiasi kwamba ungesikia mtu akipasua kuni. Tangu saa nne asubuhi hadi karibu saa kumi jioni mbwa yule hakubanduka ubavuni pake. Waliomwokoa ni kina mama waliokuwa wakikata majani ya ng'ombe. Walisikia mbwa anabweka mahali pamoja bila kunyamaza, wakasema hapa kuna jambo, wakaja kutazama. Kijiji kizima kilimsifu mbwa kwamba aliita watu, na mimi nilikua nikiamini hivyo. Leo, baada ya miaka mingi ya kufundisha mbwa, nasema alifanya jambo jingine, nalo jema: alibaki na mtu wake, akabweka kwa hofu yake mwenyewe, na kina mama wale ndio waliojua kuisoma sauti. Ukiishika tofauti hiyo, utajua ni kitu gani unachopaswa kumfundisha mbwa wako na kipi anacho tayari.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Western Ontario nchini Kanada, Krista Macpherson na William Roberts, walichapisha majaribio yao. Mwenye mbwa anatembea na mbwa wake uwanjani, mara anajifanya moyo umemshika, anaanguka na kulala kimya. Hatua chache kutoka hapo kuna mtu ameketi kitini. Mbwa aliachwa dakika sita afanye atakalo. Mbwa walimzunguka bwana wao, wakamnusa, wengine wakazurura, na hakuna aliyemwendea yule mtu wa kitini kuomba msaada. Kimbwa kimoja kilimrukia mapajani, lakini kilitaka kupapaswa tu. Katika jaribio la pili kabati la vitabu lilimwangukia mwenye mbwa, naye akamwomba mbwa wake kwa sauti akalete mtu aliyekuwa sehemu nyingine ya jengo. Mbwa hawakwenda.

Waliosoma habari hizo walifanya haraka kusema kwamba mbwa hajali. Hilo silikubali, na majaribio ya baadaye yananiunga mkono. Mwaka 2020 Joshua Van Bourg na Clive Wynne wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, pamoja na mwenzao, waliwafungia wenye mbwa ndani ya sanduku kubwa lenye mlango mwepesi ambao mbwa angeweza kuusukuma, wakawaambia walie kwa hofu bila kumtaja mbwa jina. Kati ya mbwa 60 wasiofundishwa kitu, 20 walifungua. Utasema ni wachache. Subiri: mbwa hao hao walipoona chakula kinawekwa ndani ya sanduku lile lile, waliofungua walikuwa 19. Yaani wengi walishindwa kwa sababu hawakujua namna ya kuufungua mlango, hata kwa ajili ya tumbo lao. Na kati ya wale 19 waliojua, 16 walimfungulia bwana wao alipolia. Nia walikuwa nayo. Walichokosa ni ujuzi.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, kundi jingine la watafiti wa Marekani liliweka mlango unaoonyesha upande wa pili kati ya mbwa 34 na wenye mbwa. Baadhi ya wenye mbwa walilia, wengine waliimba wimbo wa watoto kwa sauti ya chini. Karibu nusu ya mbwa walifungua mlango kwa vyovyote vile, ila waliosikia kilio walifungua haraka zaidi. Jambo lililonigusa mimi mfundishaji ni hili: katika kundi la kilio, mbwa walioshindwa kufungua ndio walioonyesha hofu kubwa zaidi. Mbwa aliyetishika sana hufanya kama mtu aliyetishika sana, anaganda. Kwa hiyo mazoezi yana kazi mbili. Yanampa mbwa njia ya kufuata, na yanamzoesha tukio lenyewe lisimpoteze akili siku likitokea kweli.

Wakenya watanikumbusha mbwa wa Nairobi ambaye mwezi wa Mei 2005 alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa kwenye msitu wa Ngong, akambeba na kumvusha barabara mpaka mahali alipokuwa na watoto wake, na watu wakamwita Mkombozi. Tukio lile lilikuwa kweli na bado linanisisimua. Lakini mtazame alimpeleka wapi: kwenye watoto wake. Alifanya anachojua mama mbwa aliye na watoto, na mtoto akapona kwa sababu watu walimsikia akilia pale. Kupeleka habari kwa binadamu ni kazi nyingine.

Sasa tuje kwenye mbinu, na mbinu nzima inasimama juu ya jambo moja. Watafiti wa Budapest, Hungaria, mwaka 2003 walilinganisha mbwa na mbwamwitu waliolelewa na watu tangu wadogo. Kila mmoja alipewa nyama asiyoweza kuifikia. Mbwamwitu aliendelea kuvuta na kung'ang'ana. Mbwa alijaribu kidogo, kisha akageuka kumtazama mtu usoni. Mbwa, basi, huomba msaada, ila huomba kwa shida yake mwenyewe. Umeshaona hilo nyumbani mpira unapoingia chini ya kabati: anakutazama, anatazama kabati, anakutazama tena. Kazi yako ni kufanya kuanguka kwako kuwe shida yake, na jirani awe ndiye mwenye ufunguo. Hilo linafanywa kwa nyama.

Chukua vipande vidogo vya maini, mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa, au dagaa wakavu, vyenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Zoezi lifanyike kabla ya mlo, dakika tano asubuhi na tano jioni. Mbwa aliyeshiba au aliyechoka hajifunzi. Mbwa wa kienyeji anafaa sana kwa kazi hii, usidanganywe kwamba ni lazima awe wa kizungu. Nimeona koko wa mtaani akilishika somo kabla ya mbwa wa bei kubwa. Anayelala bandani amefungiwa mchana kutwa na kuachiwa usiku tu, yeye ndiye mwenye tatizo. Kwanza mzoeshe kutembea nawe mchana, maana mbwa aliye nyuma ya komeo hawezi kumsaidia mtu yeyote.

Anzeni watu wawili, tuseme wewe na mjukuu wako Neema. Simameni mbali kama mita tatu. Neema ndiye mwenye nyama, wewe mikono mitupu. Sema neno moja, "Kamwite!", na hapo hapo Neema amwite mbwa kwa jina na kumpa kipande akifika. Rudieni mara sita, saba, muache. Baada ya siku chache Neema anyamaze. Ukisema "Kamwite!" na mbwa akaondoka mwenyewe kumwendea Neema, ameelewa sehemu ya kwanza. Neno liwe hilo hilo kwa kila mtu nyumbani, na lisitumike kwa jambo jingine. Wapo wanaopenda kumwamuru mbwa kwa Kiingereza. Kwa mbwa ni mamoja, ila hakikisha mzee mwenyewe analitamka bila taabu, kwa sababu siku ya maumivu hatakuwa na pumzi ya kutafuta maneno.

Hapa wengi hukosea. Wanampa mbwa nyama wao waliomtuma. Mbwa anajifunza kuzunguka haraka na kurudi kwa mwenye nyama, na jirani hata hamwoni. Malipo ya kufika yatoke kwa aliyefikiwa, siku zote.

Ongeza umbali kidogo kidogo: mita kumi, kona ya nyumba, Neema akiwa jikoni, Neema akiwa nyuma ya zizi asikoonekana. Akishindwa, rudi nyuma hatua moja, usimkaripie. Mbwa aliyepigwa wakati wa somo hili atakuwa na sababu ya kukukimbia siku umelala chini, nawe hutajua kama amekwenda kuita watu au amekwenda kujificha.

Kufika peke yake hakutoshi. Jirani anayemwona mbwa amekuja kusimama uani atadhani ana njaa. Kwa hiyo sehemu ya pili ni kumfundisha kutoa taarifa. Neema afumbe nyama kiganjani, asimpe mbwa anapofika. Atamtazama, atahangaika, atalia puani, na mwisho atabweka. Hapo hapo, mara tu anapobweka, kiganja kifunguke. Siku chache baadaye asipate kitu mpaka abweke mara mbili, kisha tatu. Kwa mbwa mkimya asiyebweka kuna njia ya zamani waliyoitumia Wajerumani kwa mbwa waliotafuta majeruhi vitani, na bado inatumiwa na mbwa wa uokoaji: kwenye mkanda wa shingoni unaning'inizwa mfano wa kijiti cha ngozi, na mbwa aliyempata mtu hukishika kwa meno na kukimbia nacho kwa mtu anayemwongoza. Kipande cha kamba nene chenye urefu wa kiganja kinatosha. Mfundishe kwanza kukishika apate nyama, kisha kukishika kabla ya kwenda kwa Neema. Neema akiona kamba mdomoni, anajua.

Nami nakushauri uanze na kubweka, hasa kama unaishi pwani au mahali penye majirani Waislamu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wetu, mate ya mbwa ni najisi na aliyeguswa nayo ana wajibu wa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa anayefika kumgusa jirani kwa pua au kumvuta kanzu anamtia taabuni mtu unayemtaka akusaidie. Mfundishe kusimama hatua tatu na kubweka. Jirani atamheshimu mbwa, nawe umemheshimu jirani.

Sehemu ya tatu ni kurudi. Neema, baada ya kutoa nyama, aulize "Wapi?" na kuanza kutembea kuelekea uliko. Mbwa akifika kwako pamoja naye, sasa wewe ndiye unayetoa kipande cha pili, kikubwa kuliko cha kwanza. Haitachukua muda mbwa atatangulia na kugeuka nyuma kuangalia kama anafuatwa. Mgeuko huo wa kichwa ukiuona, furahi, kwa sababu anamwongoza Neema akijua anamwongoza.

Ndipo tunafika penye kazi yenyewe, kwa kuwa aliyezimia hawezi kusema "Kamwite!" Lala chini ghafla, juu ya nyasi au udongo, kimya. Hesabu moyoni moja, mbili, tatu, kisha sema neno. Fanya hivyo mara tatu nne kwa siku, si zaidi. Kuanguka kunatangulia, neno linafuata, na mbwa ni hodari wa kubahatisha kinachokuja. Baada ya wiki kadhaa ataanza kuondoka kabla hujatamka. Usifanye haraka hapa. Mwanzoni atakuja kukulamba na kudhani ni mchezo. Kaa kimya, usicheke, usimpapase, sema neno. Anayepata mapenzi kwa kukulamba atabaki anakulamba.

Halafu kuna jambo ambalo nililijifunza kwa aibu mbele ya majirani: mbwa aliyelishika somo hili atakwenda kuita watu kila unapojilaza chini ya mwembe. Dawa yake ni mkeka. Lala mara kwa mara juu ya mkeka, mbwa akienda kwa mtu asipewe chochote wala asikemewe. Anguka penye udongo mtupu, akienda alipwe. Atatofautisha, na haraka kuliko unavyodhani.

Kwa mbwa niliowafundisha, safari hii yote imechukua miezi miwili hadi mitatu, na baada ya hapo zoezi moja kwa wiki ili asisahau. Lifanyeni pia jioni giza likiingia, lifanyeni mvua inaponyesha, lifanyeni kuna mbwa wengine njiani. Msilifanye kamwe kwa kujitosa majini, na mbwa asitumwe kuvuka barabara ya magari. Kama jirani wa karibu yuko ng'ambo ya lami, mchague mwingine hata kama ni wa mbali zaidi.

Jirani naye ana masomo yake. Kwetu, mbwa anayekimbilia uani kwa watu bila mwenyewe hupigwa mawe, na siwalaumu wanaorusha. Kichaa cha mbwa kinaua, na ugonjwa ukishajitokeza kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa wako achanjwe kila mwaka, na jirani umwonyeshe cheti cha chanjo kwa macho yake. Mvalishe mbwa mkanda wa rangi inayoonekana mbali, nyekundu au ya machungwa. Mpeleke nyumba kwa nyumba, jirani mwenyewe ampe nyama, watoto wamjue jina. Waambie wazi: akija peke yake akabweka akiwa amesimama, muulizeni "Wapi?" na mumfuate. Waambie na hili, maana ndilo lililomwokoa babu: mkisikia mbwa anabweka mahali pamoja kwa muda mrefu, mchana, mahali ambapo si kawaida yake, nendeni mkatazame.

Na sasa jambo linalosahauliwa na karibu kila mtu. Mbwa mlinzi anaweza kukuzuilia msaada. Umezimia, watu wamefika, na mbwa amesimama juu yako anaonyesha meno. Wanaokuja na gari la wagonjwa hawatapigana na mbwa, watasubiri mtu wa kumfunga, na wewe ndiye ungemfunga. Kwa hiyo wakati umelala chini zoezini, mwambie Neema apige magoti karibu nawe, akushike bega, na kila akikugusa mbwa apate nyama. Akishazoea Neema, jirani afanye hivyo hivyo, mwanamume, mwanamke, mtu mwenye kofia, mtu mwenye mwavuli. Na kamba ya kumfungia itundikwe mlangoni mahali jirani anapopajua. Kama nisingekuwa na nafasi ya kukufundisha yote, nikaambiwa nichague jambo moja, ningechagua hili.

Ndani ya nyumba iliyofungwa usiku mbwa hawezi kutoka. Huko mtegemee kwa sauti tu, na simu ndiyo iwe ya kwanza. Simu ya kitochi ikae shingoni au mfukoni, isikae kabatini, na namba ziandikwe kwa wino mzito ukutani, chini, mahali mtu aliyelala sakafuni anaweza kuzisoma: Tanzania polisi ni 112 na zimamoto na uokoaji 114, Kenya ni 999 au 112. Yako mafunzo ya mbwa wa kubonyeza kitufe cha simu ya dharura kwa wenye kifafa, lakini hiyo ni kazi ya wakufunzi waliobobea, usiianze peke yako.

Kama mama yako yuko kijijini na mbwa wake, usisubiri likizo ya Desemba. Mpigie leo, mwambie amtafute mtoto wa jirani, anunue mapafu ya shilingi chache, wasimame mita tatu, na aseme neno moja. Wikiendi hii nenda ukampeleke mbwa kuchanjwa.